Picha Kumi na Mbili kwa Sekunde

1

Mama yake alipiga simu saa mbili asubuhi kumwambia kwamba amemsikia ana furaha.

"Nimeamka tu, nikakusikia," alisema Mama Yusta. "Nikasema, leo Desderia kaamka vizuri. Kuna nini huko? Wamekupandisha cheo?"

Desderia Mtewele alikuwa amekaa sakafuni jikoni kwake, mgongo kwenye kabati. Tangu kupambazuke hakuwa amefanya jambo lolote isipokuwa kulia. Uji ulikuwa umeshika chini ya sufuria, na harufu yake ya kuungua ilikuwa imejaa nyumba nzima.

"Hakuna kitu, mama. Nimelala vizuri tu."

"Unaona? Mimi sikosei."

Waliongea kidogo habari za mvua na za viazi, kisha mama akaaga akiwa amechangamka. Desderia alibaki ameishika simu. Kulia peke yake alikuwa ameshaanza kuzoea. Asichokizoea ni kwamba huko kijijini Ihanga, nyuma ya mashamba ya chai, kulikuwa na Desderia mwingine aliyekuwa anacheka, na mama yake alimpenda huyo.

Miaka ile kila mtu aliyetimiza umri wa miaka saba aliwekewa punje. Ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya ulezi, nayo ilikaa chini ya ngozi nyuma ya sikio la kulia, imegusana na mshipa wa fahamu. Punje haikubeba maneno wala mawazo. Ilibeba kuwapo kwa mtu, basi. Ilikuwa kama mtu aliyeko chumba cha pili: humwoni, huongei naye, lakini unajua yupo, na unajua kama amekasirika au anapika kwa raha zake. Watu waliounganishwa pamoja waliitwa kikoa, na kikoa hakikuzidi watu kumi na wawili. Ukutani mwa kila zahanati palibandikwa methali ya wahenga, kwamba upweke ni uvundo. Watoto waliisoma bila kuielewa, kwa sababu upweke kwao lilikuwa jina la ugonjwa wa zamani, kama ndui.

Desderia alikuwa mkaguzi wa mitambo ya upepo kwenye vilima vya Makambako. Alikuwa juu ya mnara, mita themanini kutoka chini, radi ilipopiga pangaboi la mnara wa jirani na kuruka hadi kwake. Mkanda ulimshikilia asianguke. Aliungua kuanzia sikioni hadi begani, na punje yake ikayeyuka. Madaktari wa Njombe walimponya bega. Ule mshipa ulipona kwa kufanya kovu, na juu ya kovu punje nyingine haishiki.

Siku ya nne hospitalini waliletewa fomu, yeye na maumivu yake. Kikoa cha mama kilikuwa na shimo mahali pake, walimweleza, na shimo la ghafla linaweza kumshtua mzee mwenye moyo dhaifu. Kulikuwa na njia. Mashine ingechukua kumbukumbu za punje yake za miaka mitano, namna alivyozoea kuamka, kuchoka, kucheka, halafu ikisie kila siku leo angekuwaje. Kitu hicho kiliitwa kivuli. Kingeshika nafasi kwa miezi mitatu, hadi apone.

Alisaini kwa mkono wa kushoto. Kila muda ulipoisha alisaini tena, na sasa ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi miwili.

2

Wenzake kazini hawakumtenga kwa ubaya. Walishindwa tu kumzoea. Mtu akiingia chumbani walimsikia kabla hajafika mlangoni, wao kwa wao, maana kazi nayo ilikuwa na kikoa chake, lakini Desderia alitokea kama paka na kuwashtua. Wakaanza kumsalimia kwa sauti ya juu, kana kwamba radi ilimziba masikio. Baada ya muda akaomba kazi ya kusoma takwimu nyumbani, nao wakamkubalia upesi mno.

Kimya kilichokuwa kichwani mwake hakikuwa kimya cha usiku. Kilikuwa kimya cha nyumba iliyohamwa, ambamo hata misumari ya picha imeng'olewa. Alijaribu redio, akajaribu kusema peke yake, akajaribu kulala mchana kutwa. Mwishowe daktari mmoja alimwambia kwamba waliokatika, ndivyo walivyoitwa, walikuwa na darasa lao kila Alhamisi katika stoo ya zamani ya hospitali.

Darasa lilikuwa na watu wanne, na mwalimu wao Kinunda alikuwa wa tano. Zamani alichora katuni za watoto. Kazi hiyo ilikufa watu walipozoea kutazama kila kitu na kikoa kizima, kwa sababu kikoa kinataka picha kubwa zenye kelele, na yeye alichora vitu vidogo vilivyokwenda polepole. Uvimbe kichwani ulipotolewa, punje yake ilitoka nao. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kutafuna bisi muda wote, na aliyechukia kushukuriwa.

"Umekuja kujifunza nini?" alimuuliza Desderia siku ya kwanza.

"Daktari kaniambia mnafundisha watu kukaa peke yao."

"Daktari mwongo. Hapa tunachora." Akamsogezea meza yenye kioo kilichowaka taa kwa chini. "Andika mstari mmoja wa shairi. Ukishaandika, uchore. Sekunde moja inakula picha kumi na mbili."

"Mimi sijui kutunga, kaka. Na sijui kuchora."

"Unajua kuhesabu hadi kumi na mbili?"

Wiki ya kwanza alichora ndoo. Ilikuwa ndoo ya bati iliyojaa maji ya mvua, na ndani yake alitaka tone lianguke. Karatasi ya kwanza ilikuwa ndoo. Ya pili ilikuwa ndoo ile ile, aliyoifuatisha kwa nuru iliyotoka chini, na tone juu yake. Ya tatu, tone limeshuka upana wa ukucha. Alipozipepesa zote kumi na mbili kwa kidole, ndoo iliruka huku na huku kama mbuzi aliyefungwa kamba, na tone halikuonekana kabisa. Akazitupa. Akaenda bafuni, akafungulia maji ili asijisikie anavyolia.

Alhamisi iliyofuata Kinunda alizitoa zile karatasi kwenye pipa, akazinyoosha kwa kiganja. "Mkono wako unakimbia," alisema. "Unachora ili umalize, upate kuondoka hapo ulipo. Tazama, hii ya saba uliichora unawaza mtu mwingine."

"Umejuaje?"

"Mpini wa ndoo umepotea."

Akampa mfuko wa karatasi aende nao nyumbani, na sheria moja: achore anachokiona, asichore anachokikumbuka.

Hakuna kilichobadilika kwa miezi miwili. Alikaa mezani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Kisha asubuhi moja ya Juni, Njombe ikiwa imezama kwenye ukungu kiasi kwamba hata ua wa jirani haukuonekana, alichora mwanamke aliyeketi dirishani. Alichora bega, kisha bega lile lile lililopanda kidogo kwa pumzi. Bega, tena bega. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limeshavuka meza, chai yake imefanya utando, na ilikuwa saa nane. Saa sita zilikuwa zimepita bila yeye kumtafuta mtu yeyote ndani ya kichwa chake. Alishtuka, kama mtu anayegundua kwamba jino lililomuuma mwaka mzima limenyamaza. Akaligusa kwa ulimi, kwa hofu. Kimya kilikuwa kile kile. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa ndani yake kwa namna nyingine.

Jioni ile aliandika ubeti wake wa kwanza, akihesabu mizani kwa vidole:

Nimekaa peke yangu, ukungu umefunika,
Sina mtu ndani yangu, wala wa kunitamka,
Naushika moyo wangu, nao wangu wanishika,
Kumbe nyumba ina mtu, ni mimi niliyefika.

Mishororo minne, kila mmoja sekunde kumi. Zilikuwa picha mia nne na themanini, nazo zilimchukua miezi mitano. Kinunda alizipanga zote kwenye sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe: picha zilizungushwa kwa mkono wa chuma, na mtu alizitazama kupitia tundu moja la kutosha jicho moja.

"Kwa nini jicho moja?" Desderia aliuliza.

"Ili wasitazame wawili."

3

Kivuli kilikuwa na ukomo wa miaka miwili. Muda ulipokaribia, Desderia aliitwa Ofisi ya Vikoa mjini Njombe, kwa afisa aliyeitwa Bi Nyagawa, mama mpole aliyevaa sweta la kufuma na aliyempa chai kabla ya kumpa fomu.

"Ukisaini hapa kinakuwa cha kudumu," alisema Bi Nyagawa. "Hutakuja tena."

"Na nikifa?"

"Hata ukifa. Kitaendelea hadi mwenye kikoa naye aondoke. Wazee wengi sasa hawapati misiba, dada. Ni rehema kubwa."

Desderia aliitazama fomu. "Kinajuaje leo nina huzuni?"

"Hakijui, na hakitakiwi kujua. Sheria inakataza kivuli kumletea mtu majonzi, kwa hiyo siku mbaya zinakwanguliwa. Mama yako anapata wewe wa siku zako nzuri." Alimwona anasita, akataka kumtia moyo. Hapo ndipo neno lilipomponyoka. "Usijisikie vibaya. Kwenye kikoa chake karibu wote wameshasaini."

Chai ilikuwa ya moto mno, lakini Desderia aliimeza. "Wote akina nani?"

Bi Nyagawa aligundua alichofanya. Akalitazama daftari lake kwa kitambo, akatazama mlango, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanakikoa ana haki ya kuuliza, na kwa kuwa ameuliza, basi. Mama Yusta alikuwa na watu watano. Desderia alikuwa kivuli. Onesmo, kaka yake Desderia aliyehamia Mtwara, alikuwa kivuli tangu miaka minne iliyopita. Binamu yao Felista wa Dodoma, kivuli. Mama mdogo Kanisia, ambaye ugonjwa wa usahaulifu ulikuwa umemla hadi hamjui mtu, kivuli, ili hofu yake isiwafikie wengine. Aliyebaki wa kweli alikuwa mmoja tu, jirani aitwaye Agripina.

Desderia hakusaini. Alitoka nje, akasimama chini ya upenu wa ofisi, akampigia kaka yake.

"Miaka minne, Onesmo."

Onesmo hakujifanya hajui anachoulizwa. Alikohoa. "Nilichoka kusikiwa, dada. Nikigombana na mke wangu, mama anapiga simu. Nikinywa bia mbili, mama anapiga simu. Mimi ni mtu mzima."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Mama, nataka usiwe nami? Wewe ulimwambia?"

Desderia alisogeza kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Basi," Onesmo alisema, na sauti yake ikalainika. "Mama ana miaka sabini na minne, ana raha. Kila asubuhi anaamka watoto wake wako vizuri. Wewe ukienda pale unampelekea nini? Ukweli? Atakula ukweli?"

"Anaishi na mashine, Onesmo. Yuko peke yake kuliko mimi. Mimi angalau najua."

"Sawa. Na baada ya kujua, wewe ulilia muda gani?"

"Mwaka na nusu."

"Yeye anao huo mwaka na nusu?"

Simu ilikatika, au aliikata. Desderia alikaa kwenye ngazi za ofisi. Kwa mara ya kwanza tangu Juni alitamani mtu wa kumsaidia kubeba jambo, naye hakuwapo. Alifikiria kurudi ndani na kusaini. Lingekuwa jambo la dakika moja, na hakuna ambaye angemlaumu, hata mama yake, kwa kuwa mama asingejua kamwe. Hilo ndilo lililomzuia. Alijua inavyokuwa kupendwa mahali ambapo hupo.

4

Alifika Ihanga Jumamosi, saa nne asubuhi, na lile sanduku la mbao ndani ya kikapu. Mama Yusta alikuwa uani anachambua maharage.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechoka hivyo?" Mama alimtazama usoni, akakunja kipaji, akagusa nyuma ya sikio lake kama mtu anayeangalia kama saa yake bado inakwenda. "Ajabu. Nakusikia umetulia kabisa."

Waliingia ndani, mama na ungo wake wa maharage. Mama aliteleka chai, akaongea kwa furaha ya mtu anayeishi na wengi. Onesmo hana shida, Felista hana shida, Kanisia maskini tangu apone kichwa amekuwa mtulivu. "Anayenichosha ni huyu Agripina," alisema. "Leo kanuna, kesho kavimba, juzi kanigombeza kwa sababu ya kuku wangu na hasira yake ikakaa nami hadi jioni. Ninyi wengine mko salama tu."

Desderia aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Njiani alikuwa ameyapanga maneno, lakini yote yalimtoroka, akasema yaliyobaki.

"Mama, punje yangu iliungua siku ya radi. Haikupona."

Mama alicheka kidogo. "Iliungua wapi, na ninakusikia?"

Akamweleza. Alimweleza fomu, miezi mitatu, siku mbaya zinazokwanguliwa. Mama alisikiliza bila kupepesa, kijiko kikiwa mkononi. Desderia aliponyamaza, mama hakuuliza kwa nini.

"Mwezi wa tatu nilianguka," alisema polepole. "Kwenye mtaro wa viazi. Mguu ulinasa chini yangu, na mvua inanyesha. Nilikaa pale saa mbili nzima."

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini, wakati ulikuwepo? Nilikusikia. Ulikaa nami muda wote, umetulia kabisa, na mimi nikasema, kama Desderia hana hofu basi hakuna la kuogopa. Sikupiga hata kelele. Nikangoja mvua ipungue, nikautoa mguu kidogo kidogo." Aliweka kijiko mezani. "Alikuwa nani pale shambani?"

"Hakuwepo mtu, mama. Mimi sikujua hata kama umeanguka."

Maharage kwenye ungo yalikuwa bado hayajaisha kuchambuliwa. Mama alianza kuyachambua, akaacha.

"Na wengine?"

Desderia alikuwa ameomba Mungu asiulizwe hilo. "Onesmo. Felista. Mama mdogo Kanisia."

"Agripina?"

"Agripina ni mwenyewe."

Kitu kama kicheko kilipita usoni pa mama na kupotea. "Ndiyo maana," alisema. Kisha akasema, "Toka nje."

"Mama."

"Sikufukuzi. Toka nje nikae."

Desderia alilitoa sanduku kikapuni, akaliweka mezani. Alisema ni kitu alichokichora, kwamba ni cha mtu mmoja, na kwamba kinatazamwa vizuri punje ikiwa imelazwa. Kulaza punje ni kubonyeza nyuma ya sikio na kuhesabu hadi kumi. Watoto walifanya hivyo kwa mchezo, wakapiga mayowe na kuiamsha. Watu wazima hawakufanya. Mama hakulitazama sanduku. Desderia akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

5

Alikuwa amekaa juu ya lundo la kuni kama robo saa hivi Agripina alipotokea kwenye kijia, amebeba jembe, anahema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na hakusalimia.

"Mama yako Yusta ana nini? Nilikuwa kule bondeni, nikamsikia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto."

"Nimempa habari, mama. Habari ngumu."

Agripina aliugonga mlango kwa mpini wa jembe. "Yusta!"

"Rudi shambani, Agripina," sauti ilitoka ndani. "Mimi mzima."

"Mzima gani? Nakusikia mimi, huwezi kunidanganya."

Agripina alisimama pale na kinywa wazi, tayari kwa neno jingine, kisha mkono wake ukaruka nyuma ya sikio na uso wake ukabadilika. Jembe lilimtoka mkononi.

"Kanyamaza," alisema. "Desderia, kanyamaza kabisa. Ameilaza. Hajawahi kuilaza, mimi namjua, hajawahi." Alimshika Desderia mkono. "Ana ugonjwa wa moyo yule. Fungua mlango."

Desderia alisimama. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na komeo lake hata mtoto angeweza kulisukuma. Ndani hakukuwa na sauti. Aliwaza moyo wa mama yake, na maneno ya Onesmo, na mkono wake ukafika kwenye mbao. Aliwaza pia zile saa mbili za mvua. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye mtaro ule hakuwa Desderia na hakuwa mashine, kwa maana mashine haikujua kama kuna mvua; alikuwa mama mwenyewe. Mama alikuwa ameomba jambo moja tu, akae.

"Tumwache," alisema.

"Tumwache afe?"

"Tumwache akae, mama. Nami nitakaa hapa hapa. Nikisikia chochote nitavunja."

Agripina alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu. Lakini hakuondoka. Aliketi juu ya kuni upande wa pili, ameshika sikio, na wanawake wale wawili walikaa karibu saa nzima bila kusemezana, mmoja asiyesikia kitu kwa sababu ya kovu, mwingine asiyemsikia Yusta kwa mara ya kwanza. Wingu lilishuka mlimani likaufunika mstari wa chai. Mara mbili Desderia alisimama, na mara mbili akaketi. Hakuwahi kufanya jambo gumu kuliko lile la kutofungua mlango.

Mama Yusta alipofungua alikuwa amefunga kitambaa chake upya. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama Agripina kwanza.

"Umeacha jembe lako juu ya maboga yangu."

"Umeniua, Yusta."

"Hujafa. Nenda, nitakuja jioni tuongee habari ya wale kuku."

Agripina aliondoka, anageuka geuka. Mama alikaa kwenye kizingiti, akashika mbao za mlango kwa mikono yote miwili kama aliye kwenye gari linaloyumba.

"Ni pabaya humo ndani," alisema. "Usiniambie ni pazuri."

"Sisemi."

"Nimezungusha hilo sanduku lako. Mara ya kwanza sikuona kitu, machozi. Nikalizungusha tena. Huyo mwanamke wa dirishani mbona hana miguu?"

"Miguu ni kazi sana kuchora, mama."

"Ungemchorea hata viatu." Alifuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Nimelizungusha mara sita. Ile ya sita nilisahau kukukasirikia. Nilipokumbuka, nikakasirika tena, na bado nimekasirika. Miaka miwili, Desderia, umenipa sanamu niilee."

"Nisamehe, mama."

"Sijui. Ngoja kwanza." Aliinua uso. "Chako kitoe. Leo hii, nikiwa naona."

Desderia alitoa simu, akafungua fomu, akaweka kidole gumba. Kivuli kingechukua saa moja kutoka. "Na cha Onesmo? Ukitaka, wewe mwenyewe unaweza kukataa vyote. Ni haki yako."

Mbali huko mashine ya kuchuma chai ilikuwa inanguruma, inazima, inanguruma tena.

"Cha Onesmo kiache," alisema mama hatimaye. "Najua ni uongo. Kiache kwanza. Siwezi kuwatoa wote siku moja."

Desderia alitaka kusema kitu kuhusu ukweli, akakimeza. Haikuwa kazi yake kumchagulia tena.

"Nitalala hapa leo," alisema. "Kitakapotoka, niwe karibu."

"Hapana. Wewe nenda."

"Mama, wewe hujui inavyokuwa. Mara ya kwanza mimi nilidhani nimekufa."

"Ndiyo maana nataka uende. Ukikaa hapa nitakuwa nakutazama wewe, sitajua kama ninaweza." Mama aliinuka, akaushika uso wa mwanawe kwa viganja vilivyonuka maharage, akautazama kwa makini, macho, kovu, mdomo, kama mtu anayesoma barua aliyozoea kusomewa. "Umekonda," alisema. "Hilo sikulijua."

Desderia alitembea kwenda barabara ya lami. Kikapu kilikuwa kitupu, na mwendo ulikuwa wa saa moja na zaidi kupita katikati ya chai. Kila hatua alitaka kurudi. Aliyajua yote yatakayompata mama yake, kuta zitakavyosogea mbali, mkono utakavyokwenda nyuma ya sikio mara mia, na hakuwa na namna ya kujua kama yameanza. Alitazama saa. Ilikuwa imetimia, kisha ikapita dakika tano, kisha kumi. Simu ililia alipokuwa ameshaiona lami.

"Kimetoka," alisema mama. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na nyuma yake hakukuwa na kitu, hata redio.

"Mama. Unajisikiaje?"

"Usiniulize bado." Ilipita pumzi, kisha nyingine. Desderia alizihesabu bila kukusudia. "Nimekupigia kukuambia tu kwamba nimekaa."

Simu ikakatwa. Desderia alisimama kando ya barabara na kidole juu ya jina la mama yake. Hakupiga. Aliitia simu kikapuni, akaketi juu ya jiwe la kilomita, peke yake, akangoja gari.